Sanduku Lililomeza Risasi

Je, wewe unayenisikiliza, umewahi kuuonea wivu mwanga?

Sisemi jua zima. Nasema mwanga mdogo, ule unaopita kwenye tundu la bati, mwembamba kama fito, ukasimama kati ya paa na sakafu bila kushikwa na mtu. Ndani yake vumbi linapanda, linashuka, linapanda tena, na halipati mlango. Mwanga wa namna hiyo ndio aliouonea wivu Koko Léontine, yaani Bibi Léontine, wa Nyamitaba. Ulikuja asubuhi bila kubisha. Ulikaa juu ya sanduku kama mgeni mwenye adabu, ukasogea polepole mpaka ukutani, na jua lilipohama, nao ukaenda zake. Hakuna aliyeusimamia mlangoni. Hakuna aliyeuuliza: na sisi unatuachia nani?

Yeye hakuwa mwanga. Yeye alikuwa lile vumbi.

Sanduku lilikuwa la bati, la kijani, la aina ile ambayo wanafunzi wa zamani walibeba kichwani kwenda shule ya masista. Lilikuwa la marehemu mume wake, Papa Védaste, aliyekuwa katekista wa kilima kile. Ukilifungua, ulipokelewa kwanza na harufu: ubani wa zamani, jasho la shingo za watu, karatasi iliyoonja mvua. Kisha macho yalizoea. Shapele, ndivyo tunavyoita rozari huku kwetu, zilizokatika na kupoteza punje. Skapulari, vile vitambaa vitakatifu vya kuvaa shingoni, zilizoliwa na jasho mpaka picha ya Mama Maria ikabaki kama doa la chai. Medali zilizolika nyuso. Msalaba usio na Yesu, na Yesu asiye na msalaba, wamelala mbalimbali kama watu waliogombana. Vitabu vya nyimbo visivyo na jalada. Na matawi ya Jumapili ya Matawi, makavu, yaliyokaa mwaka mzima nyuma ya milango ya watu yakiwasikia wakila, wakicheka, wakiombana msamaha.

Kilichobarikiwa hakitupwi.

Hivyo ndivyo alivyofundisha Papa Védaste. Hakitupwi jalalani pamoja na maganda ya ndizi. Hakiachwi njiani kikanyagwe na ng'ombe. Kinachotengenezeka, kitengenezwe. Kisichotengenezeka, kisindikizwe. Mti, kitambaa na karatasi vinarudi kwa moto. Chuma na udongo wa sanamu vinavunjwa mpaka visitambulike, halafu vinazikwa pamoja na majivu, mahali mguu haupiti. Kila mwaka, Jumatano ya Majivu ilipokaribia, mke na mume waliwasha moto mdogo nyuma ya kanisa la kilima. Yeye alishika kikapu. Mume alisema sala. Kitu kilikuwa kimefanya kazi. Sasa kilipewa ruhusa ya kupumzika.

Ruhusa ya kupumzika. Shika neno hilo.

Mikono ya Koko Léontine ilikuwa na kazi yake, na kazi aliipenda. Alikuwa na pensi, yaani koleo dogo, ya kukunjia waya, sindano ya viatu, na mfuko wa mbegu za kijivu zinazoota bondeni kwenye maji, zile mbegu ngumu zinazong'aa, ambazo Mungu amezitoboa mwenyewe ili mtu asihangaike. Punje ya shapele ikipotea, aliweka mbegu. Hakuipaka rangi ifanane na zingine. Aliiacha hivyo hivyo, kusudi kidole kikipita, kijue.

"Kidole yako ikifika pale ku mbegu," alikuwa akiwaambia watu akiwarudishia, "uniombee na mimi. Hiyo njo mushahara yangu."

Watu walicheka, wakaenda. Na kilimani mwote, jioni, vidole vikafika kwenye mbegu, na jina lake likapita mdomoni mwa watu kama maji yanavyopita kwenye jiwe.

Halafu Papa Védaste akafa, kifo cha kawaida cha kifua. Halafu wenye bunduki wakapanda kilima cha pili.

Hapo ndipo moto ulipokatazwa. Si kwa amri ya mtu. Kwa akili ya watu. Moshi wa mchana uliita risasi, na akina mama wakajifunza kupika kwa vijiti vikavu kabisa, visivyosema kitu. Kuzika nako kulikatazwa. Udongo mbichi, uliogeuzwa jana, uliwaita watu wenye vyuma vya kuchokonoa: umeficha nini hapa, mama? Basi kichomwe wapi? Kizikwe wapi? Mwaka wa kwanza Koko alisema, tutangoja. Mwaka wa pili sanduku lilikataa kufunga. Alilifunga kwa kamba ya ng'ombe, akaketi kando yake, akashona.

Kilichobarikiwa hakitupwi. Kumbe kinaweza kukukalisha.

Sasa nikueleze habari ya tundu.

Mchana mmoja alikuwa amemaliza kuunga mkono wa sanamu ya Mama Maria ya kanisani. Mkono wa kuume ulikuwa umeanguka siku watu walipokimbia na kuisukuma meza. Aliuunga kwa gundi ya fundi wa viatu, akaifunga sanamu nzima kwa kitambaa, akailaza sandukuni, juu kabisa, ikauke bila kuguswa. Akafunika. Akachukua shapele nyingine, akatia uzi mdomoni kuulainisha. Nje kilima kilikuwa kinasemezana na kilima, kama ilivyokuwa siku hizo.

Bati likalia juu. Sanduku likajibu chini. Halafu kimya.

Alibaki palepale, uzi mdomoni, mzima. Na mbele ya macho yake, kutoka juu mpaka kwenye kifuniko kilichotoboka, ukasimama mwanga ambao haukuwapo. Ndiyo, msikilizaji wangu. Ule mwanga wenye adabu uliingia kwa njia iliyofunguliwa na risasi.

Jirani yake alikuja mbio, Muhawenimana, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe kutoka bonde la pili. Aliangalia bati. Aliangalia sanduku. Alimwangalia Koko, akamshika mashavu, akamgeuza huku na huku kama anayechagua papai.

"Hauna damu?"

"Sina."

"Hata kidogo?"

"Muhawe, niachie shavu."

Hapo Muhawenimana alitoka mlangoni, akaweka mikono kiunoni, akakiambia kilima kizima:

"Imemeza! Sanduku imemeza risasi!"

Na kilima kikaamini. Nani angekilaumu? Watu waliokuwa wamelala na viatu miguuni miezi na miezi walipata kitu cha kuegemea. Tangu siku ile, bunduki zikianza, walikimbilia nyumba ya Koko. Walikaa kuzunguka sanduku, magoti kwa magoti, watoto mapajani, mbuzi mmoja asiye na mwenyewe katikati, na Koko akakosa hata pa kunyooshea mguu.

Vitu vikazidi kuletwa. Vilivyochakaa, na visivyochakaa. Papa Théogène, mfugaji wa upande wa juu, mtu wa heshima zake, alileta shapele inayong'aa kama imetoka dukani.

"Hii haina ugonjwa," Koko akamwambia.

"Iko mugonjwa, Koko. Angalia muzuri."

Koko akaangalia muzuri. Mahali ilipokatikia palikuwa na alama za meno.

"Papa Théogène, hii shapele ilikamatwa na mbwa ao na muntu?"

Mzee akatazama bati. Akakohoa.

"Wewe uiweke tu ndani," akasema. "Ikae karibu na ile risasi."

Alicheka Koko siku ile, alicheka mpaka akashika ubavu. Lakini alipobaki peke yake, na mwanga ukawa umefika ukutani, kicheko kilikwisha na kitu kingine kikakaa mahali pake. Maana alikuwa ameelewa. Watu hawa hawataacha sanduku lichomwe. Na asiyeacha sanduku lichomwe hataacha mwenye sanduku aende.

Na kwenda, ndicho alichokitaka. Kwenda Itebero.

Alizaliwa huko, chini, msituni, upande wa Walikale, ambako mbingu inaonekana vipande vipande kati ya majani na watu wanalala wakisikia mto. Ndoa ilimpandisha huku kwenye vilima vya majani mafupi, vya maziwa na upepo, na alivipenda, usiseme hakuvipenda. Lakini Nicole, binti yake, alikuwa ameolewa hukohuko Itebero, kwenye udongo wa mama yake. Kila mtandao ulipopatikana, alipiga simu.

"Mama, kuja."

"Nitakuja."

"Lini? Unataka nini, Mama? Sema tu, nifanye."

Na Koko, simu sikioni, macho ya majirani usoni, alijibu neno lilelile:

"Hapana kitu. Kazi iko."

Kazi iko. Alilisema kwa simu. Alilisema kanisani. Alilisema usingizini. Neno zuri, neno la kiasi, ukilivaa hakuna anayeona kilicho chini yake.

Usifikiri walimtesa. Laiti wangemtesa! Walimpenda. Asubuhi maziwa yalikuja yangali na joto la ng'ombe. Jibini ilikuja imefungwa jani la mgomba. Maharage yalikuja yamechambuliwa tayari, asipate hata jiwe la kutupa. Akitoka kwenda chooni, sauti ilimfuata nyuma ya ua: Koko, unaenda wapi? Fimbo yake ya kutembelea, Muhawenimana aliihamishia kwake. "Isipotee," alisema. "Wezi ni wengi." Nani angeiba fimbo ya mwanamke mzee? Koko hakuuliza. Alikunywa maziwa. Yalikuwa matamu, na yalikuwa kamba.

Saa kama hizo alimkumbuka baba yake, mwindaji wa nyavu. Wavu ukizeeka, mafundo yakilegea, baba hakuutupa na hakuuchana kufungia kuni. Aliubeba mpaka kwenye mti mmoja wa msituni, akaulaza kati ya mizizi, akauambia: umeshika vya kutosha. Halafu akarudi nyumbani mikono mitupu, bila kugeuka. Léontine mtoto aliuonea wavu huruma. Léontine mzee, kando ya sanduku, ndani ya wavu wa watu wema, aliuonea wivu.

Mwanga ulikuja, ukakaa, ukaenda. Vumbi lilipanda, likashuka.

Basi kiangazi kimoja kikaja na kimya. Wenye bunduki walihama kilima cha pili. Walikwenda wapi, hakuna aliyeuliza kwa sauti. Padri, ambaye njia ilikuwa imemfungia mbali, alipiga simu kwa Koko: Mama, fanya kama alivyofanya Papa Védaste, sala zile zile, moto ule ule, usiningoje. Na kabla maneno hayo hayajapoa, pikipiki ikapanda kilima ikivuta vumbi jekundu nyuma yake. Mbele Bienvenu, dereva, kofia ya sufu kichwani na jua lote lile. Nyuma Nicole, mwekundu wa vumbi mpaka kope, mwenye macho ya mama yake.

"Leo, Mama," akasema hata kabla ya kushuka. "Njia iko wazi leo. Kesho hakuna mwenye kujua."

Watu walikuwa wamejaa uani kabla injini haijazimwa.

"Anaenda?"

"Anasalimia tu."

"Na sanduku?"

"Tutabeba," Nicole akasema. Bienvenu akaingia, akalijaribu kwa mkono mmoja, kwa miwili, akanyoosha mgongo.

"Dada, hii ao mama yako. Vyote viwili, hii pikipiki yangu itazaa njiani."

Watu wakacheka, na katika kicheko hicho Muhawenimana akapita kati yao, akaingia ndani, akaketi juu ya sanduku. Akajikalisha vizuri, akakunja kitenge magotini. Mwanga wa tundu ukamwangukia begani.

"Mimi sitoke hapa," akasema. "Haitabebwa na haitachomwa. Tangu imemeza risasi, nani alikufa kwetu? Mutu moja? Taja jina."

Nicole akafungua mdomo, Koko akamgusa mkono, naye akaufunga.

Koko aliketi kwenye kigoda chake, palepale alipokaa siku ile, goti likiwa karibu kugusa goti la Muhawenimana. Alimwangalia muda mrefu, kama anayetafuta mahali waya ulipokatikia.

"Simama kidogo, mwanangu," akasema. "Nikuonyeshe kile ilimeza."

Kwa nini Muhawenimana alisimama, hata mwenyewe hajui mpaka leo. Labda ni kwa sababu ya sauti ile. Alisimama, na Koko akafungua kamba, akainua kifuniko. Mwanga, uliokuwa umezoea kuishia juu, ukaingia ndani.

Alitoa kitambaa. Ndani ya kitambaa, Mama Maria alikuwa vipande. Kifua kilipasuka. Mkono ule uliounganishwa kwa uvumilivu wote ule ulikuwa umeanguka tena, mahali palepale. Uso ulikuwa mzima, ukiangalia juu. Koko akaingiza mkono chini, kati ya medali, akapapasa, akatoa kitu kidogo kilichobonyea pua, akakiweka kiganjani mwa Muhawenimana.

"Haikumeza kitu, Muhawe. Ilipigwa. Kama ukuta inapigwa. Kama muntu anapigwa. Mimi nilikuwa hapa, uzi mudomoni. Ingesogea kidogo tu, mungeimba nyimbo zile zingine. Mungu alinihurumia, na nyinyi aliwahurumia. Lakini hii ni sanduku ya shule. Ni bati."

Muhawenimana alifunga kiganja. Alipoongea, ile sauti ya kuitia ng'ombe haikuwapo.

"Kwa nini haukutuambia?"

"Mulikuwa munalala muzuri."

Papa Théogène akavua kofia. Kisha Muhawenimana aliinama, akashika mkono mmoja wa sanduku, akageukia mlango akiwa amekunja uso:

"Munaangalia nini? Shikeni upande ule!"

Wakatoka nalo juani. Wakaliteremsha nyuma ya kanisa, mahali pa zamani, ambapo majani yalikuwa yameota kama hakujawahi kuwaka moto. Koko alipanga: matawi chini, karatasi juu yake, skapulari moja moja, kila moja akiibusu. Shapele ya Papa Théogène aliitoa pembeni, akaikunja waya pale penye meno, akamrudishia bila neno. Akasema sala za mume wake. Akawasha.

Moshi ukapanda. Mweupe, mnene, wima, wa kwanza tangu miaka ile. Na wote, hata waliokuwa wanaomba, wakageuza macho kuelekea kilima cha pili. Wakangoja. Akina mama walikuwa wameshika vichwa vya watoto. Kilima cha pili kilikaa na ng'ombe wake. Hakikusema kitu. Pumzi ziliporudi, zilirudi kwa pamoja, ukasikia kama upepo kwenye mihogo.

Sanamu aliivunja mwenyewe kwa jiwe. Aliacha uso uwe wa mwisho. Aliushika mikononi, akaufuta vumbi kwa kidole gumba, akasogeza mdomo kwenye sikio la udongo, akanong'ona maneno ya baba yake: umeshika vya kutosha. Halafu akapiga.

Walizika majivu na vipande na risasi kwenye kona ya ukuta, mguu usikopita. Hakuna aliyeficha udongo mbichi. Uliachwa uonekane.

Hapo, mpenzi wangu, ungedhani wavu umefunguka. Hata Nicole alidhani. Alikuwa tayari ameufunga mzigo wa mama yake nyuma ya pikipiki. Lakini Muhawenimana alipangusa mikono kwenye kitenge, akavuta kamasi, akamshika Koko bega kwa upendo wote alionao.

"Basi. Sanduku imekwisha," akasema. "Sasa wewe njo utatulinda. Usiogope kitu, Koko. Maziwa tutakuletea kila asubuhi."

"Njo vile," watu wakaitikia. "Njo vile kabisa."

Na mlango, ulioonekana mchana ule kwa mara ya kwanza, ukaanza kujifunga taratibu.

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Koko. Kazi iko. Lilikuwa limekaa pale kama uzi. Lakini kazi ilikuwa wapi? Aliangalia mikono yake: ilikuwa mitupu, myeusi kwa masizi. Aliangalia moto: ulikuwa umekwisha. Kutoka pale ulipokuwa umewaka, majivu mepesi yaliyobaki yalikuwa yanainuka, punje kwa punje, yanacheza juani. Si ndani ya fito. Ndani ya jua lote, jua lisilo na bati wala ukuta. Yalipanda na hayakushuka. Mengine yalimtua mikononi, yakapumzika kidogo, yakaendelea. Vumbi lilelile. Ila kila upande ulikuwa mlango.

Muhawenimana alikuwa bado amemshika bega. Mkono wake mwingine ulikuwa kwenye shapele ya shingoni, na kidole gumba, bila yeye kujua, kilikuwa kimefika kwenye mbegu.

"Hapana, mwanangu," Koko Léontine akasema.

Hakupaza sauti. Hakuhitaji.

"Mimi sibaki, na sirudi. Mimi siko sanduku. Nimechakaa, Muhawe. Nataka kwetu. Nataka kulala nasikia mto, na mutoto yangu karibu. Tangu Védaste alikufa niko nataka, na kila siku nilisema kazi iko. Kazi imekwisha. Kidole yako ikifika pale ku mbegu, uniombee. Sasa wende kwako, uniletee fimbo yangu."